Gia niliyoirudisha

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Buswelu, hapa Mwanza, bado giza. Mpwa wangu anaingia kwenye Probox, anavuta mlango taratibu asiamshe watoto, anapiga stata.

Krrr.

Halafu basi. Injini inatulia kwenye silensa, yaani mwendo wake wa kusimama bila kukanyagwa mafuta, na ile sauti ya cherehani ambayo 1NZ, injini hii ya Toyota, hutoa ikiwa na afya. Anawasha taa, anatoka kinyumenyume mpaka barabarani, anakwenda Nyegezi kupakia abiria wa Sengerema. Mimi nabaki nimelala chali, macho darini, naihesabu upya ile sekunde moja.

Hii ni wiki ya tano tangu injini ifungwe. Ringi mpya, beringi mpya, valvu zimesagwa zikakaa. Haili oili. Haitoi moshi. Fundi kalipwa chake chote, na mama watoto ameacha kuuliza "hilo gari lako". Kila kitu kimekwisha isipokuwa hiyo krrr, ambayo kila alfajiri inanirudisha Nyakato, kwenye gereji, nikiwa nimechuchumaa mbele ya boksi la kadibodi.

Chagua, Mwalimu

Kwa nini 1NZ hula oili sina haja ya kueleza. Wenye IST, Vitz na Probox mnalijua hilo kuliko mimi. Tulishusha injini kwa sababu ya ringi, na cheni ya taimingi, ile inayozifunga kemshafti za valvu juu zizunguke pamoja na kranki chini, haikuwemo kwenye hesabu zangu hata kwa shilingi mia.

Kisha Fundi akafungua kifuniko cha mbele, akaniita.

Alikuwa ameosha kila kitu na kukipanga juu ya boksi lililopasuliwa: cheni yenyewe, gia ndogo ya kranki, gia mbili za kemshafti (ile ya egzosi, upande wa kutoa moshi, nyembamba; ile ya inteki, upande wa kuingiza hewa, nene yenye VVT-i tumboni, mtambo wa oili unaosogeza muda wa valvu), tenshona ya kukaza cheni, na vile vipande viwili ambavyo cheni hutambaa juu ya plastiki yake. Pale gereji huviita "magaidi". Siku Fundi aliponipigia simu nikiwa na wenzangu ofisini kwa walimu na kusema kwa sauti, "Mwalimu, gaidi mmoja kaliwa vibaya," ilibidi nitoke nje.

"Chagua, Mwalimu," akasema, akarudi kukwangua gasketi.

Niliangalia. Hakuna hata kimoja kilichovunjika, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kilichovunjika hakina mjadala, unanunua kingine. Hivi vilikuwa vimechoka kama sisi watu wa makamo: kazini vinakwenda, mshahara vinapokea, ila ukiviangalia kwa karibu unaona.

Washauri hawakukosekana. Muuza spea mjini alitaka nichukue seti nzima ndani ya boksi moja, kwa bei ndogo kiasi cha kunitia wasiwasi. Dereva mmoja aliyeleta gari kuziba pancha akasema used ya Japani ina nguvu kuliko mpya ya hapa. Kijana wa gereji akasema badilisha cheni peke yake, gia ni chuma, chuma hakiliki.

Nilimtazama Fundi nikitaka anichagulie. Hakuinua hata kichwa. Nikajigundua: sikuwa natafuta ushauri, nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu baadaye.

Lita ishirini na nane

Tunasema cheni imerefuka, lakini chuma chake hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na kibushi ndani ya kila kiungo, na uwazi wa kiungo kimoja unajumlishwa na wa jirani yake. Tuseme kila kiungo kimelika milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Kwenye viungo mia, huo ni ulegevu wa nusu sentimita. Kemshafti inaanza kuchelewa nyuma ya kranki. Upande wa inteki kompyuta inasahihisha kwa VVT-i, kwa hiyo dereva hasikii kitu, mpaka siku nafasi ya kusahihisha inapokwisha, taa ya injini inawaka, na mashine ya kupimia inasoma P0016, namba ya kosa inayosema kranki na kemshafti hazikubaliani. Upande wa egzosi hauna wa kuusahihisha.

Mwongozo wa Toyota unataka cheni ivutwe kwa niutoni 140, upime urefu wa viungo 16, na urudie sehemu tatu au zaidi. Gereji haikuwa na mizani ya kuvutia. Nikasema hakuna shida: niutoni 140 ni kama kilo 14, na kilo 14 ni lita 14 za maji. Tukaitundika cheni kwenye boriti, tukaning'iniza dumu, nikatoa kalipa ya vernia niliyoazima maabara ya shule, nikaanza kupima kwa majivuno ya mtu aliyefundisha somo hilo miaka 11.

Kijana wa gereji akasimama nyuma yangu, amekunja mikono.

"Mwalimu, hiyo cheni si ni duara? Dumu linabebwa na pande mbili."

Yaani kila upande ulikuwa na niutoni 70 tu. Swali hilo nimelitungia mtihani wa kidato cha pili. Nikamwomba alete dumu la pili, tukafikisha lita 28, nikapima upya huku masikio yakiwaka.

Sehemu tatu, majibu matatu. Baina ya refu na fupi palikuwa na tofauti ya milimita 0.2. Zote zilikaribia kikomo cha mwongozo, na hakuna hata moja iliyokivuka. Magaidi nayo hivyohivyo: kikomo cha kulika ni milimita 1.0, na mfereji wenye kina kuliko yote kwenye plastiki yetu ulikuwa 0.7.

Nilitaka namba zinitoe lawamani. Namba zikasema: bado kidogo.

Nilikaa na jibu hilo siku mbili. Lililonitoa ni kuona kwamba kikomo kile kiliandikwa kwa ajili ya swali ambalo mimi sikuwa nauliza. Kikomo kinamjibu mtu anayetaka kujua kama kifaa hiki kinaweza kuendelea. Mimi nilitaka kujua kifuniko hiki kikishapakwa silikoni na kufungwa, nitakirudia lini. Kuifikia cheni ni mikanda, ni puli, ni mauntini ya injini, ni siku nzima ya fundi na siku nzima ya gari lisiloingiza kitu. Ukichukua milimita 0.7 kati ya 1.0 ukaifungia humo, umejiandikia miadi ya kurudi.

Basi cheni mpya, tenshona mpya, magaidi yote mawili mapya. Ile seti ya bei ya mashaka niliiacha dukani. Nilinunua kimoja kimoja, nikailaza cheni mpya sambamba na ya zamani kwenye meza na kuhesabu viungo, muuzaji akinitazama kama mtu anayehesabu njugu kabla ya kulipa.

Foleni ya Kigongo

Zikabaki gia. Dashibodi ilisoma kilomita 214,000, na mimi nikasema kwa injini ya Toyota hizo si nyingi.

Fundi ndipo akainua kichwa.

"Hizo ni za barabarani. Za foleni nani kazihesabu?"

Sikumwelewa mara moja. Kabla ya Daraja la Magufuli kuzinduliwa Juni 2025, mpwa wangu alivuka Kigongo–Busisi kwa kivuko kwa miaka mitatu, siku sita kwa wiki. Foleni naijua, nimekaa humo na watoto nikinunua mahindi ya kuchoma mpaka yakaniisha hamu. Nisichokijua ni kwamba gari lilikuwa halizimwi. Nikampigia simu palepale, nikauliza kwa ukali kwa nini aliacha injini ikinguruma mbele ya kivuko saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

"Ningeizimaje, Mjomba? Betri ilikuwa imekufa. Ningezima, nani angenisukuma na abiria na magunia ya dagaa? Nilikuambia."

Aliniambia kweli. Nilimjibu avumilie mwezi huo, na mwezi uliofuata nikamjibu hivyohivyo.

Nilikata simu nikachukua chaki kwenye dirisha la gereji, nikaandika sakafuni. Silensa, mizunguko 700 kwa dakika. Saa moja, 42,000. Saa mbili kwa siku, 84,000. Gari hili likienda kilomita 80 kwa saa injini huzunguka kama mara 2,500 kwa dakika, kwa hiyo mizunguko ya foleni ni sawa na dakika 34 za safari: kilomita 45 kwa siku ambazo dashibodi haikuziona. Kwa siku 300 za mwaka, 13,500. Kwa miaka mitatu, zaidi ya 40,000.

Na si kilomita za kawaida. Kwenye silensa, injini ikiwa ya moto, presha ya oili huwa chini kuliko wakati wote, na tenshona ya cheni hii hutegemea presha hiyo kusaidia springi yake. Weka juu yake injini inayokula oili, na dereva anayeongeza nusu lita siku abiria wakiwa wengi.

Fundi alisoma hesabu zangu akizifuata kwa kidole cha mguu. Akasema, "Betri," akarudi kwenye gasketi yake.

Kuna jambo jingine ambalo chaki haikuliandika. Mwaka jana mpwa wangu aliniita nje mara tatu, asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Anapiga stata, ananitazama. "Mjomba, umesikia?" Nikiwa nimesimama na kikombe changu cha chai nilimwambia mara zote tatu kwamba sijasikia kitu, ni baridi ya ziwa tu.

Nilikuwa nimesikia.

Gia ndogo

Baada ya hapo kuchagua kulikuwa kwepesi zaidi, nadhani kwa sababu niliacha kujifanya hakimu.

Kranki huzunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo gia ya kranki ina nusu ya meno ya zile za juu. Kila jino lake linakutana na cheni mara mbili zaidi. Kijana wa gereji alikuwa sahihi kwamba ni chuma, lakini chuma kinachogongwa mara mbili huzeeka mapema. Na gia iliyolika ukiivalisha cheni mpya, inaila cheni hiyo ifanane nayo.

Tulizijaribu kwa mkono. Cheni mpya tukaizungushia gia ya egzosi, ikakaa kimya ndani ya kila bonde. Tukaizungushia ile ndogo: ukiisukuma kwa dole gumba ilicheza, inapanda kidogo na kushuka. Gia hiyo ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko vyote vilivyokuwa mezani, na ndiyo tuliyokaribia kuirudisha bila hata kuijadili, kwa sababu ilikuwa imeng'aa baada ya kuoshwa.

Ndogo mpya. Ya egzosi ikarudi. Hiyo ya egzosi sijaiwaza tena mpaka naandika hapa.

Ile nene

Gia ya VVT-i peke yake ilizidi bei ya cheni, tenshona, magaidi na gia ndogo kwa pamoja. Hiyo ndiyo habari yake ya kwanza, na nakiri ndiyo niliyoisikia kuliko zilizofuata.

Ndani yake kuna pini inayofunga gia isicheze mpaka oili ifike. Injini ikizimwa, pini inarudi kwenye tundu lake. Ukiwasha asubuhi, inashikilia mpaka presha iisukume itoke. Tuliipima: ikiwa imefungwa, Fundi akaishika kwa mikono miwili akajaribu kuizungusha. Ilishika. Akapuliza hewa ya kompresa kwenye tundu la oili, gia ikazunguka laini na kurudi, pini ikaingia tena. Kisha akaniwekea mikononi.

"Sikiliza kwa vidole."

Palikuwa na mchezo. Kidogo sana, wa kitasa cha mlango kilichozoea nyumba.

Hoja ya Fundi ilikuwa hii. Vile vingine vyote vimejificha nyuma ya kifuniko cha mbele. Hii nene haihitaji kifuniko kifunguliwe: unafungua kifuniko cha valvu, unaibana tenshona kupitia tundu dogo lililoachwa kwa kazi hiyo, unaitoa kutoka juu. Ni kazi ya asubuhi moja. "Hii mlango wake uko juu," alisema. "Ikichoka kabisa itakuita. Wale wa nyuma ndio hawaiti mara mbili." Na kweli, kwenye injini hii cheni ikiruka meno ya kutosha, valvu na pistoni hukutana.

Ni hoja nzuri. Nimeigeuza kila upande kwa wiki tano, na bado ni nzuri. Kinachonisumbua ni kwamba niliipenda kabla hajaimaliza. Alipofika kwenye "mlango wake" nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa, na mkono umeshagusa mfuko wa shati.

Tulifunga usiku ule wa Jumamosi kwa taa ya simu. Viungo vya rangi kwenye cheni vikakaa juu ya alama zake, nikageuza kranki kwa spana mizunguko miwili kuhakikisha, na rangi zikawa zimepotea kabisa! Nilipiga kelele kama niliyeibiwa. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Alama za kwenye gia ndizo hurudi mahali pake kila mizunguko miwili. Viungo vya rangi huzungukia mbali sana kabla ya kukutana nazo tena. Alinionyesha alama za gia: zote sawasawa. Niliomba nizione mara ya pili.

Vumilia

Krrr ya kwanza ilikuja siku ya tatu.

Nilianza na ya bei rahisi. Filta ya oili tuliyoweka ilikuwa ya kawaida sana, na filta ambayo vali yake ya kuzuia oili isirudi ni dhaifu huacha mifereji ya juu ikauke usiku. Tukaweka nzuri zaidi. Sauti ikapungua, haikuisha. Siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji. Kama ingekuwa cheni legevu ningetarajia isikike hata injini ikipata moto. Hii ni ya kwanza tu, ni ya sekunde moja, na inatoka juu upande wa inteki. Ni yeye, ile gia nene.

Nilimpelekea Fundi. Akasikiliza, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko na mpini sikioni, akatikisa kichwa kwa utulivu. "Sekunde moja haina neno. Ikifika tatu, njoo. Kwa sasa vumilia."

Sina la kubishana naye kwenye ufundi. Sikupenda neno la mwisho tu. Ni neno langu lile, nililompa mpwa wangu kuhusu betri, na lilipotoka kwenye kinywa changu nalo lilikuwa na hoja nzuri nyuma yake: ada za Januari, bati la jikoni, gari linatembea, kwani kuna nini.

Nawezaje kujua tofauti? Kuacha kifaa kwa sababu mlango wake uko juu, na kuacha kifaa kwa sababu sitaki kutoa pesa, vyote viwili vinaishia kwenye gia ileile iliyorudishwa mahali palepale kwa bolti ileile. Ukiifungua injini huwezi kuona ni kipi kati ya hivyo viwili. Kuna asubuhi naona nilifanya busara. Kuna asubuhi naona nilinunua gia ya kranki ili nijisikie mtu makini, kisha nikajizawadia kuiacha ile ya gharama.

Betri nilishanunua, wiki ileile ya chaki. Mpwa wangu aliipokea bila kusema kitu, akaifunga mwenyewe.

Nimefanya jambo moja la kiualimu. Ndani ya kidroo cha Probox nimeweka daftari la kurasa 40. Kila alfajiri anaandika: tarehe, kiwango cha oili kwenye kijiti, imelia au haikulia, sekunde ngapi. Pesa ya gia naweka pembeni kidogo kidogo kwenye simu, kwa jina ambalo mama watoto hatalishuku. Jumapili tunakaa kibarazani tunasoma daftari pamoja. Mpaka sasa haijafika hata mbili.

Alhamisi iliyopita niliamka kabla yake. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na kikombe changu alipopiga stata. Alinitazama kupitia kioo lakini hakuuliza kitu, akaondoka. Jumapili nilipofungua daftari, mstari wa Alhamisi, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, ulisema hivi: oili sawa, imelia, sekunde moja, Mjomba kasikia.